Hama Wewe, Kiti Ukiache

Jumapili ile bado naiona, mwanangu, na kila ninapoiona damu inanichemka kana kwamba ni jana. Ilikuwa miaka ya tisini, si muda mrefu baada ya uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi. Sisi watu wa Gatwekera, kule Kibera, tulikuwa tumeitwa uwanjani baada ya ibada tuje tusikie habari ya maji. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa: maji. Tukaja na watoto wetu, bado tuna nguo za kanisani, wengine hata hawajapita nyumbani kunywa chai. Tukakuta jukwaa, spika kubwa mbili, na mkubwa mmoja wa serikali ambaye hatukuwa tumewahi kumwona Kibera mchana wala jioni. Kando yake alikuwa ameketi diwani wetu, Zablon.

Diwani ndiye huyo mnayemwita MCA siku hizi. Sisi tulimwita kansola. Tulikuwa tumempigia kura kupitia chama cha upinzani, chama ambacho mwaka mmoja nyuma ungeweza kukamatwa kwa kukitaja tu ukiwa kwenye foleni ya maji.

Zablon akasimama. Hakutusalimia kwa ile salamu ya chama iliyokuwa ikitufanya tupige kelele. Alisema amefikiria kwa muda mrefu, ameona kwamba mtu hawezi kuwaletea watu wake maendeleo akiwa anapiga kelele nje ya mlango, na kwa hiyo kuanzia siku hiyo yeye ni mtu wa serikali. Akavua kofia ya chama chetu. Yule mkubwa akamvika kofia nyingine, mpya, bado ina mikunjo ya kiwandani. Spika zikafunguliwa muziki. Waliopiga makofi ni wale walioletwa na lori. Sisi wengine tulibaki tumesimama, na mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza kwa sauti ya chini, "Na maji je?"

Hakuna aliyemjibu, mpaka leo.

Nataka umjue Zablon kwanza, usije ukadhani alikuwa mwizi tangu mwanzo. Zablon alikuwa fundi wa vitanda kule Soweto West, hapo hapo Kibera. Alitoka Magharibi mwa Kenya kama mimi, tukiwa vijana, na karakana yake ilikuwa mahali pa watu kupumzika na kubishana. Uwanja huo ninaokuambia ulikuwa ndio mahali pekee Gatwekera ambapo mtoto angeweza kukimbia bila kugonga ukuta wa nyumba ya mtu. Pembeni yake akina mama walikuwa wamejenga chumba cha mabati kikawa shule ya chekechea. Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wa shule hiyo. Madawati yote, Zablon aliyatengeneza kwa mikono yake na hakutaka malipo.

Kabla ya uchaguzi, tajiri mmoja alileta watu wakapiga vigingi uwanjani, akasema ardhi ni yake. Zablon ndiye aliyeving'oa vigingi hivyo mbele ya askari wa kanjo, yaani wa Baraza la Jiji. Walimpiga mpaka sikio lake moja likaharibika, wakamweka ndani. Alipotoka tulimbeba mabegani kutoka kituoni hadi Gatwekera. Kwa hiyo tulipompa kiti cha udiwani hatukumpa kwa sababu ya sura yake wala kabila lake. Tulimpa kwa sababu ya uwanja. Sasa unaelewa kwa nini siku ile ya kofia watu wengine walilia.

Jioni hiyo hiyo, jua halijazama, vijana walikusanyika mbele ya karakana yake na kopo la mafuta ya taa. Mimi nilikuwa hapo, na sina haja ya kukuficha kwamba sikuwa nimekwenda kuwazuia. Aliyewazuia alikuwa Dani Turfosa. Dani ni neno la Kijaluo la kumwita nyanya, na sisi sote, Waluhya kwa Wajaluo kwa Wakisii, tulimwita hivyo. Alikuwa amezika mume na wana wawili, akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye kona ya kuingilia Gatwekera, na hakuwa mtu wa kuinua sauti. Alikuja na kiti chake kidogo cha miguu mitatu, akakiweka mlangoni pa karakana, akaketi.

"Dani, toka hapo," kijana mmoja akamwambia. "Huyu jamaa ametuuza. Wacha tuichome."

"Mnachoma nini?" Dani akauliza. "Vitanda? Vitanda havikupigiwa kura."

Akawaambia kwamba moto ukishika karakana utashika na nyumba zilizoshikana nayo, na wenye nyumba hizo hawajahama chama chochote. Kisha akasema kilicho chetu kwa Zablon ni kitu kimoja tu, kile kiti cha Baraza la Jiji, na hicho ndicho tutakachokifuata.

"Tutakifuataje?" nikamuuliza.

"Kwa kuuliza, mwalimu. Tutauliza mpaka wachoke kutuona."

Nilimkasirikia, kwa sababu nilitaka kitu cha haraka. Lakini hakuna aliyethubutu kumwaga mafuta ya taa miguuni pa Dani, na vijana wakatawanyika mmoja mmoja.

Sasa nikueleze jambo la sheria, nalo ni jepesi, wanaolifanya gumu ni wale wasiotaka ulijue. Sheria ya siku hizo ilisema diwani aliyefika barazani kupitia chama fulani, akikihama chama hicho, anapoteza kiti. Kiti kinatangazwa kuwa wazi na watu wanarudi kupiga kura. Akitaka kusimama kwa chama chake kipya, asimame, watu waamue upya. Basi. Hakuna anayemfungia mtu ndani ya chama kama kuku. Ila hawezi kuchukua kura alizopewa kwa jina hili akaenda kuzitumia kwa jina lile.

Zablon aliijua sheria hiyo kuliko sisi. Tukaja kujua hivyo tulipokwenda kumwona Kawangware.

Ndiyo, Kawangware. Alikuwa amehamia huko hata kabla ya ile Jumapili ya kofia, akatuambia ni kwa sababu mkewe amepata kibanda sokoni. Tulikwenda kwa miguu, Dani, mimi, akina mama kadhaa, na Festo, fundi wa viatu ambaye alikuwa mwenyekiti wa wazazi wa shule. Tulipanda tukavuka reli, tukatokea Barabara ya Ngong, tukapita Dagoretti Corner, tukaingia Kawangware tukiuliza nyumba ya kansola. Tulionyeshwa nyumba ya mawe yenye lango la chuma. Dani alilitazama lango lile kwa muda, akapangusa vumbi la miguu yake kwa leso, ndipo akabisha.

Zablon alitupokea vizuri, usiseme alitufukuza. Alituita wazee wangu, akaniuliza habari ya shule, akamwamkia Dani kwa mikono miwili. Mkewe akaleta chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi. Sisi wengine tulikunywa, maana tulikuwa tumetembea. Dani hakugusa kikombe chake.

"Zablon," akasema, "umehama chama au hukuhama?"

Zablon akacheka kidogo. Akaeleza kwamba yeye hajahama, anashirikiana tu na serikali kwa faida yetu. Hajaandika popote kwamba ametoka katika chama, na kama hajaandika basi hajatoka, na kama hajatoka basi kiti hakina matata. Alieleza haya polepole, kwa upole, kama mtu anayewafundisha watoto.

"Na ile kofia uliyovaa mbele yetu?" nikamuuliza.

"Kofia ni nguo tu, mwalimu."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na nimeambiwa mengi, lakini sijawahi kuambiwa neno lililoniudhi kama hilo. Jukwaani alikuwa amehama, ili wakubwa wampende. Sebuleni hakuwa amehama, ili asipoteze kiti. Alikuwa na mdomo mmoja wa huko na mmoja wa huku, na tumbo moja tu la kuweka vyote.

Dani ndiye aliyemjibu, na maneno yake nayakumbuka neno kwa neno.

"Kijana wangu, kuhama si dhambi. Mimi nimehama mara nyingi. Nimehama nyumbani, nimehama Soweto, nimehama nyumba zilizovuja na nyumba zenye majirani wabaya. Lakini kila nyumba niliyohama, mwenyewe nilimrudishia ufunguo. Hama wewe, kiti ukiache."

Hapo ndipo upole ulipomwisha Zablon. Alisimama akasema kiti ni chake, alikipata kwa damu yake, na akatuonyesha lile sikio. "Nilipigwa kwa ajili ya kiti hiki!"

"Hapana," Dani akasema. "Ulipigwa kwa ajili ya uwanja. Ndiyo maana tukakupa kiti."

Tukaondoka. Kikombe cha Dani kilibaki mezani kimejaa, na njia nzima ya kurudi hakulalamika kuhusu miguu yake, ingawa nilimwona anachechemea. Tulipofika karibu na reli akasema kwamba sasa tumekwisha kumuuliza yeye, tuwaulize waliomsimamisha.

Tukaenda kwa chama chetu wenyewe. Sheria ilitaka chama kilithibitishie Baraza la Jiji kwamba diwani huyu si wao tena. Ofisi ya tawi ilikuwa kando ya Barabara ya Ngong, juu ya duka la dawa, unapanda ngazi nyembamba za simiti. Katibu wa tawi alikuwa mtu wa suti ya kahawia na sauti ya kubembeleza. Alitusikiliza, akakubali kwamba Zablon ametukosea, kisha akatuomba tuwe na subira. Chama kinazungumza naye, huenda akarudi. Na tukumbuke, akasema, uchaguzi mdogo ni gharama, machifu na polisi wako upande ule mwingine, tunaweza kushindwa. Afadhali tubaki na nusu ya diwani kuliko kukosa kabisa.

Nusu ya diwani! Ndivyo alivyosema, na hakuona aibu. Hawa ndio waliotuambia tuwape kura ili nchi ibadilike. Usidhani, mwanangu, kwamba hasira yangu ni kwa Zablon peke yake. Aliyehama alitutukana mara moja. Aliyeachwa, akakataa kusema ameachwa kwa sababu ya hesabu zake mwenyewe, alitutukana kila tulipopanda ngazi zile. Na tulizipanda mara nyingi. Tukaambiwa katibu yuko mkutanoni. Tukaambiwa ana wageni. Siku moja tulimsikia akikohoa ndani huku tukiambiwa hajafika.

Tukiwa katika kupanda na kushuka huko, vigingi vilirudi uwanjani. Safari hii hapakuwa na wa kuving'oa. Halafu ikaja asubuhi ambayo nilikuwa nimesimama mbele ya watoto, nawafundisha silabi, nikasikia mngurumo na sakafu ikatetemeka. Lilikuwa tingatinga, na nyuma yake lori la kanjo. Mkubwa wao akanipa nafasi ya kutoa watoto. Nikawatoa wakiwa wameshikana mashati, mtoto mmoja nyuma ya mwingine, binti yangu Neema akiwa katikati yao na kiatu kimoja. Festo aliacha viatu vya watu akaja mbio, akaingia kuutoa ubao, wakampiga rungu begani lakini ubao hakuuachilia. Akina mama walimpigia Zablon simu kutoka kibanda cha simu cha barabarani. Mkewe akasema amesafiri. Watu waliokuwa mjini siku hiyo walimwona barazani, amevaa tai.

Tingatinga lilipita juu ya mabati kama mtu anayekunja gazeti. Kisha likapita juu ya madawati. Nilisikia yakivunjika moja moja, na nikafikiria mikono iliyoyapiga randa. Sikulia. Nilikuwa nimepita mahali pa kulia.

Jioni wazazi walinijia kuuliza watoto wabaki nyumbani mpaka lini. Niliwaambia kesho wawalete kama kawaida, wamenawa uso.

"Shule iko wapi, mwalimu?" Festo akauliza, mkono wake umefungwa kwa kitambaa cha shingo.

"Iko kwa chama," nikamwambia.

Asubuhi yake tuliwapanga watoto wakashikana mashati, tukapanda nao mpaka Barabara ya Ngong. Festo alibeba ubao, umepasuka kona lakini unaandikika. Dani alikuja na kiti chake cha miguu mitatu. Tukapanda zile ngazi nyembamba, watoto wakaketi kwenye ukumbi mdogo wa juu, ukuta hadi ukuta, na ubao tukauegemeza kwenye mlango wa katibu. Nikaanza mahali tulipokuwa tumeachia. Ba, be, bi, bo, bu. Watoto wa chekechea, mwanangu, hawajui kunong'ona. Nafikiri hata wanunuzi wa dawa chini walijifunza kusoma siku hiyo.

Katibu alipofungua mlango ubao ukamwangukia miguuni. Akatazama watoto, akanitazama mimi.

"Mwalimu, hapa si mahali pa watoto."

"Na shuleni kwao si mahali pa tingatinga," nikamwambia. "Mwandikie karani wa Baraza la Jiji kwamba Zablon amewahama. Ukimaliza tutakuachia ukumbi wako."

Akafunga mlango. Tukaendelea. Akina mama walipika uji kwenye jiko la makaa kando ya barabara, wakapandisha kwa ndoo. Kila aliyetaka kumwona katibu alilazimika kuruka miguu ya watoto na kueleza anatafuta nini. Waandishi wa habari hawakuja, usidhani. Aliyekuja ni polisi mmoja, ameitwa, akapanda ngazi na uso wa kazi. Watoto walipomwona wakasimama wote kwa pamoja wakamwamkia kwa sauti moja jinsi nilivyowafundisha kuwaamkia wageni, kisha wakangoja awaruhusu kuketi. Yule polisi alisimama pale, akavua kofia, akawaambia kaeni. Akashuka, hatukumwona tena.

Kesho yake tulirudi, na kesho yake tena. Neema alijifunza kuandika jina lake kwenye ukumbi wa chama cha siasa, na mpaka leo hunitania kwamba yeye alisomea upinzani. Mwishowe katibu alichoka. Aliandika. Dani alimwomba asome kwa sauti yale aliyoyaandika, akayasoma, akiwa amesimama mbele ya watoto kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Kisha akina mama pamoja na Festo wakaenda mpaka Baraza la Jiji kuhakikisha yamefika.

Kiti kikatangazwa kuwa wazi. Zablon alisema ameonewa. Alisema tumetumiwa na maadui wa maendeleo. Alilalamika kila mahali palipokuwa na kipaza sauti, lakini mtu aliyevaa kofia mbele ya umati mzima atamwita shahidi gani? Uchaguzi mdogo ukaitishwa, naye akasimama kwa chama chake kipya. Haki yake. Alikuja na lori la muziki, akaleta blanketi na unga, na chifu akazunguka nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu kwamba serikali ina macho.

Sisi tulimsimamisha Festo, ambaye hakutaka. Alituambia hajui kuhutubia, na ni kweli hakujua. Katika mkutano wake mkubwa aliongea maneno machache tu. Alisema yeye ni fundi wa viatu, anajua uwanja ulipokuwa, na siku akitaka kuhama atawaambia kwanza na kiti atakiacha. Akashuka. Watu walisubiri aendelee, walipoona amemaliza ndipo wakapiga makofi.

Festo alishinda. Watu wa Gatwekera walicheza mpaka vumbi likafunika mapaa. Mimi nilikwenda kumtafuta Dani nikacheze naye, nikamkuta ameketi anachambua omena zake. Akaniambia vizuri, tumepata kiti, sasa ni lini tutaanza kufuata uwanja.

Sitakudanganya, mwanangu, kwa kukupa mwisho mtamu. Uwanja hatukuupata. Tajiri alikuwa na hati, alizipata katika ile miezi ambayo diwani wetu alikuwa amehama na hajahama, ile miezi ambayo chama chetu kilituomba subira. Ukuta ulikuwa umekwisha kupanda. Festo alipiga kelele barazani mpaka sauti ikamkauka, kesi ikaenda mahakamani ikakaa huko mpaka wengine wakasahau ilihusu nini. Leo pale ni vyumba vya kupangisha, vimebanana, na watoto wa Gatwekera wanacheza njiani kati ya mitaro. Shule tuliihamishia katika chumba cha nyuma cha kanisa kule Soweto West. Dani alizikwa kwao, kando ya ziwa, bila kuona uwanja ukirudi. Ukisikia mtu anasema kuhama chama ni mambo ya wanasiasa tu, hayamhusu mwananchi, mlete nimwonyeshe ukuta ule.

Nami baadaye nilihamia Kawangware, kazi ilinileta huku, na huku ndiko nilikozeekea. Zablon pia yuko huku. Juzi juzi tulikutana katika matanga ya jirani, tukaketi viti viwili vilivyofuatana. Ametoka mvi kichwa kizima, lile sikio bado halisikii vizuri. Aliniuliza habari ya Neema, nikamuuliza habari ya watoto wake. Kisha akaniinamia akasema, bila ubaya, kama mtu anayeongea na rafiki wa zamani.

"Mwalimu, mlinionea bure. Angalia siku hizi. Wanahama asubuhi, wanarudi jioni, na hakuna anayewauliza."

Nilitaka kumjibu kwa ukali. Nilikuwa na maneno ya miaka yote hiyo tayari mdomoni. Lakini alikuwa amesema kweli, na ukweli wake ndio uliofanya nikose usingizi, ndio unaonifanya nikuite hapa leo nikueleze haya yote.

Hakuna anayewauliza. Nawaona vijana wa hapa, werevu, wamesoma kuliko sisi, wana simu zinazojua kila kitu. Diwani wao akibadilisha rangi wanacheka, wanamtengenezea vichekesho, wanasema ndiyo siasa. Nachukia neno hilo kuliko matusi. Mtu akikuchukulia ng'ombe zizini husemi ndio ufugaji. Kura yako ni kitu ulichompa mtu akushikie, na aliyeshika kitu chako hapaswi kuondoka nacho eti kwa sababu amepata rafiki mpya.

Kwa hiyo nisikie, mwanangu. Siku ukichaguliwa, hata kama ni kuwa mweka hazina wa chama cha kina mama au kiongozi wa kwaya, jua umepewa kwa niaba. Ukiona mahali ulipo hapakufai, ondoka, Mungu hakukataza mtu kubadili mawazo, na wakati mwingine anayehama ndiye mwenye haki. Lakini ondoka ukiwa mikono mitupu, urudi kwa watu uwaambie sababu, wakikutaka watakupa tena. Na kama wewe ndiye uliyempa mwingine, usimchomee nyumba, usimtukanie watoto. Mfuate mpaka mlangoni. Muulize mbele ya watu, umehama au hukuhama. Wakikwambia subiri, waulize kuna nini kinachoendelea wakati wewe unasubiri, maana sisi tulipoambiwa tusubiri kulikuwa na mtu anachanganya simiti. Wala usiogope kwamba kundi lenu ni dogo au mna watoto mikononi. Sisi tulimchosha mtu wa suti kwa ba, be, bi, bo, bu.

Umekaa ukanisikiliza na chai imepoa, nami nakushukuru. Mungu akupe mgongo usioinama mbele ya blanketi na unga. Akupe ulimi unaosema jambo lile lile jukwaani na sebuleni. Akuweke kati ya watu wanaouliza, na siku yako ya kushika cha watu ikifika, akujalie ukirudishe kikiwa kizima, nao wakuone unapita Gatwekera au Kawangware wakuitie chai kwa moyo mweupe. Na watoto wako, mwanangu, wapate mahali pa kukimbia.